Naam Yangu Haikuwa Ndiyo

Kajificheni, Mji Mkongwe,
Unguja

KUH: OMBI LA KURUDISHIWA UJINGA WANGU

Ndugu Mtafiti Mkuu,

Assalaam alaykum. Mimi ni Shamsi Mkadam, mwalimu mstaafu wa sarufi. Daktari ameacha kunikataza chumvi, kwa hiyo najua safari yangu imekaribia, na jambo hili sitaki kuondoka nalo kifuani. Katika ripoti yenu ya wananchi na teknolojia mpya, chini ya picha yangu, mmeandika kwamba "mzee huyu ameizoea simu ya kisasa kwa kiwango cha kupigiwa mfano." Naomba mnifute, kwa sababu zifuatazo:

1. Binti yenu aliyekuja kunihoji ana adabu zake, lakini ni mgeni wa Kiunguja chetu. Kila swali alilianza kwa kuniita: "Mzee Shamsi, unajua kutuma picha?" Mimi nimelelewa kwamba mtu akiitwa huitika. Nikaitika, "Naam." Yeye akaweka alama ya ndiyo. Naam ya mwenye kuitwa maana yake ni "nakusikia, sema." Nikawa bado namsubiri aseme, kumbe keshahamia swali jingine. Kwa njia hiyo nilikubali yote, hata la kununua viatu mtandaoni. Miguu yangu imevimba. Sivai ila makubadhi.

2. Binti yangu Tahiya anakaa Chukwani. Kila Ijumaa alikuwa akija kunifundisha simu. Hupanda ngazi akihema, huweka mkate wa kumimina mezani, huishika simu na kusema, "Baba nawe! Hapa si nshakuonesha juzi tu?" Hubaki mpaka Alasiri. Basi ameisoma ripoti yenu. Ijumaa iliyofuata nilipata ujumbe: "Hongera baba, kumbe mjuzi! Tutaonana humu humu." Chini yake kidole gumba cha manjano. Mkate haukuja, nadhani kwa sababu teknolojia haijafika hapo.

3. Sasa nakiri, maana aliye mlangoni mwa kaburi hafichi. Simu naijua. Naijua tangu somo la kwanza. Lakini ujinga wangu nimeutunza kwa bidii: kila Alhamisi nazima sauti, nageuza maandishi kuwa ya Kichina na kufuta namba ya Tahiya, ili kesho mwalimu wangu apate kazi. Skuli nimesomesha watoto wengi waliojifanya wanajua. Kujifanya hujui ni kazi nzito zaidi, na ninyi mmeivunja kwa alama ya kalamu.

4. Jirani yangu, Bwana Khatib, naye yumo ripotini. Wanawe wa Uroa sasa humzuru kwa video. Yeye huwaona paji la uso, wao humwona pua. Kwa hiyo tunataka kila mzee wa mtaa huu apewe cheti cha kutojua, chenye muhuri, cha kutundikwa pale ngazi zinapoishia. Anayeweza kufungua redio na kushindwa kuifunga apewe daraja la kwanza.

5. Msiponifuta, nahofia nitazikwa humo humo simuni. Tahiya ataweka kidole gumba, ukoo utaandika "Amin," na jeneza litabaki ngazini likingoja mabega.

Nisalimieni ofisi nzima, na hasa yule binti. Mwambieni simlaumu, na akija tena aniite mara moja tu, kisha aulize.

Mimi niliye tayari kuitika,
Shamsi Mkadam

Baada ya saini: Barua hii niliiandika kwanza kwa simu. Badala ya kuituma kwenu, nikaituma kwenye kundi la ukoo. Nikakimbilia kuifuta, nikaifuta kwangu peke yangu. Wao wote wakaendelea kuisoma. Ndiyo maana hii mnaipata kwa kalamu. Inaelekea simu siijui, na nililolikiri hapo juu nililikiri kwa kujisifu.

Tahiya amefika sasa hivi, na leo ni Jumanne, mkate hana. Kasimama mlangoni, simu kainyanyua juu kama fimbo. "Baba! Simu unaijua au huijui?"

Nikaitika, "Naam."

Kacheka mpaka kashika ukuta. Anavua viatu. Ripoti iacheni ilivyo.