Dukhan Aoe, Nami Nipate Chumba

Jumapili, 1 Februari 2026

Arbab Thamer, tajiri wetu mwenye farasi, ametamka leo. Jumamosi anakuja Daktari Ashwaq, bingwa wa uzazi wa farasi, kumpima Dukhan. Akionekana anafaa kuwa baba, atabaki dume na kuletewa majike. Asipofaa, kisu! Atahasiwa na kupelekwa shule ya watoto wanaojifunza kupanda. Maskini Dukhan. Farasi wa mbio wa nasaba, mweusi ti, miaka mitano tu. Mguu ulimharibikia ndiyo kwanza ameanza kushinda.

Namhurumia. Lakini najihurumia zaidi. Dume akibaki, lazima awe na mlinzi wa kulala karibu naye. Na mlinzi hupewa kile chumba nyuma ya banda, chenye jiko na bafu, na ruhusa ya kukaa na mkewe.

Mke ninaye! Swafiya anapaka wanawake hina saluni huko Al Mankhool. Analala chumba cha wanawake sita, mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia. Mimi nalala huku nje ya mji na wanaume wanane na soksi zao. Tangu tuje Dubai tunaonana Ijumaa, mkahawani, kwa chai ya karak, kama wachumba. Mhudumu anafuta meza tungali tunazungumza.

Chumba hicho ni changu. Khalas.

Kikwazo ni Sowedi. Mganda huyu, mtunza farasi mwenzangu, naye anakitaka. Ati mkewe Shakira anafanya kazi za ndani Jumeirah Village Circle, na amechoka kumwona kwenye simu. Pole zake. Sowedi hana jicho la farasi. Kutwa kufagia na kuwatembeza watoto wa farasi. Mimi nina jicho.

Jumatatu, 2 Februari

Nimemchimba Sowedi kwa ujanja. Nikamuuliza, dume anapimwa vipi? Akasema yeye huangalia watoto wake wanavyotembea. Nilicheka hadi nikakohoa.

Kwetu Mombasa mtu akija kuposa haulizwi ana nini, huulizwa ni wa nani. Na mtoto akizaliwa, hakuna shangazi anayeuliza anatembeaje. Swali ni moja: amefanana na nani? Akiwa yeye na babake shilingi kwa ya pili, basi, vigelegele, watu wale wende zao. Dukhan ana watoto watatu wachanga, wa majike aliojaribiwa nao mwanzoni mwa mwaka jana. Watatu hao ndio ushahidi wetu. Kesho nitawakagua.

Jumanne, 3 Februari

Sikuwakagua. Nilishughulika na tabia ya baba mtu. Inasemekana dume mkorofi huzaa wakorofi, na Dukhan ana hasira za mama mkwe. Nikaona nimfukize udi, kama bi harusi, atulie.

Dukhan alipiga chafya mara moja tu. Ya pili ilikuwa teke. Chetezo kikaruka, nyasi zikaanza kufuka moshi, king'ora kikalia banda zima, farasi wote wakatolewa nje. Kofia yangu aliitafuna katika ile ghasia.

Arbab akapiga simu kuuliza kuna nini. Sowedi ndiye aliyepokea. Akasema ni dawa ya mbu, imeshazimwa, hakuna aliyeumia. Hakunitaja!

Kwa nini asinitaje? Mtu huyu ana lake jambo. Nitamchunga.

Jumatano, 4 Februari

Balaa. Nimewakagua watoto. Wa kwanza mweusi, safi. Wa pili mweusi, safi. Wa tatu, lo! Ana alama nyeupe kwenye paji la uso, mwezi mwandamo mtupu. Babake hana doa. Mamake hana doa. Doa limetoka wapi? Daktari akimwona atasema dume hili halina nguvu ya kutoa sura yake. Kisu kwa Dukhan, na mimi nirudi kwenye soksi.

Nimemwonyesha Sowedi. Ati bambi, maskini kwa Kiganda chake, mbona ndiye mzuri kuliko wote. Hana jicho, nilishasema.

Dawa ninayo. Swafiya ana piko, ile rangi nyeusi ya kupambia maharusi.

Ijumaa, 6 Februari

Mkahawani na mke wangu. Nikamwambia nahitaji piko, kuna harusi huku kwetu. Akauliza ya nani. Nikajibu ya Dukhan. Si uongo! Akadhani ni Mpakistani. Akanipa kichupa kizima, akaniusia nimwambie bi harusi asishike maji hadi ikauke.

Kisha akaleta hoja zake. Kwa nini nisimwendee arbab nikamwomba chumba kwa mdomo wangu? Mficha uchi hazai, akasema. Nikamweleza kuwa mwanamume haombi, hupanga. Halafu akatoa simu akanionyesha mapazia aliyokwisha kununua, ya kijani, na akaniuliza dirisha lina upana gani. Jikoni anataka kuweka rafu ya viungo. Nilimwangalia akipima hewa kwa mikono juu ya vikombe vya karak, roho ikaniuma. Mke wangu huyu amechoka kuishi ndani ya sanduku. Lazima nifaulu.

Jumamosi, 7 Februari

Naandika mikono ikiwa bado myeusi.

Jana jioni nilimpaka mtoto. Kazi safi, mwezi ukatoweka. Asubuhi naamka, mwezi umechomoza. Mama mtu amemramba usiku kucha, ulimi wake mweusi kama wino! Nikampaka tena mbio mbio, gari la arbab likiingia getini. Kukauka? Nani ana muda wa kukauka!

Daktari Ashwaq hakuuliza lolote juu ya sura. Aliwashika watoto miguu, akawatazama mabega, kisha akamwambia Sowedi awatembeze mchangani mmoja mmoja. Wakamfuata kama kuku wanaofuata mtama. Daktari akainama kwenye nyayo. Akasema watoto wote watatu wana hatua ya baba yao, ukwato wa nyuma unavuka alama ya ule wa mbele. Majike watatu tofauti, hatua moja. Dume huyu anatoa alichonacho. Abaki.

Nikapiga kigelegele! Mimi, mwanamume mzima! Chumba! Jiko! Mapazia!

Arbab kwa furaha akamkumbatia mtoto wa tatu. Kandura yake, ile kanzu ya Kiarabu, nyeupe pe. Alipojitenga, kifua kizima kilikuwa cheusi. Akajitazama. Akamtazama mtoto. Akampangusa paji la uso kwa kilemba chake, taratibu, na mwezi ukatoka.

Nilidhani atafoka. Hakufoka. Macho yalimjaa machozi. Kumbe hiyo ni alama ya Hilali, mama yake Dukhan, aliyekufa kabla mimi sijaajiriwa. Arbab alimlea Hilali huyo kwa chupa tangu utoto. Amemwoza Dukhan majike watatu akiomba Mungu alama ile irudi, japo mara moja, na watoto wenyewe alikuwa hajawaona hadi leo.

Kisha akauliza ni nani aliyeificha. Sowedi akatazama chini. Mikono yangu ilishajibu.

Arbab akatoa ufunguo mfukoni. Akasema amekuja nao kutoka nyumbani ili anipe mimi, Hafiz, kwa kuwa ndimi niliyekesha na Dukhan mguu ulipovunjika. Angetangaza daktari akimaliza tu. Lakini mlinzi wa dume ni mtu wa kuonyesha kilichopo, si wa kukipaka rangi. Akampa Sowedi.

Mimi nimehamishiwa kwenye samadi.

Jumapili, 8 Februari

Nimempigia Swafiya nikamweleza yote, hata harusi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza kama mtoto wa farasi amedhurika. Nikasema ameoshwa, mzima, anaruka. Akasema alhamdulillahi, akakata.

Nimekaa juu ya toroli la samadi nikihisi uchungu wa kweli. Sowedi akaja, akaniletea chai. Akasema Ijumaa yeye na Shakira watatoka kutembea, chumba kitakuwa wazi, nimlete mke wangu tupike. Nimemshukuru. Bila shaka ana lake jambo.

Jumatano, 11 Februari

Habari njema mno! Kuna chumba cha pili! Kile cha upande wa majike, kimejaa matandiko tu. Arbab amesema yule jike mzee, Nuwara, akionekana ana mimba, kitasafishwa apewe mtu wa kumlinda hadi azae. Daktari Ashwaq anarudi Jumatatu kumpima. Nuwara ni mwembamba kama ufagio. Akionekana hivyo, nani atamdhania mimba?

Nimeambiwa daktari ana mashine ya kuona ndani. Sawa. Ndani ni kazi yake. Nje niachiwe mimi. Nimeshanunua magunia mawili ya pumba, nimeyaficha chini ya samadi, ambako Sowedi hapiti.

Swafiya hatimaye ameniandikia. Ujumbe mfupi: Hafiz, nakuomba kwa jina la Mungu, usiguse mnyama yeyote tena.

Nimemwapia wallahi sitagusa. Na kiapo changu nakiheshimu. Kulisha si kugusa.