Kanuni ya Fremu Isiyopinda

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, kwa bango na kwa barua yenye mihuri miwili, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna baiskeli yoyote kati ya Mwandiga na Gungu itakayoruhusiwa kupinda. Taifa lililonyooka, ilisema barua, haliwezi kubebwa na fremu inayonesanesa. Kitengo cha Unyoofu wa Baiskeli kilikuwa kimeundwa na kupewa ua wenye uzio pale Mwandiga, na kwa kweli kilichelewa kuundwa, maana watu walishazoea vibaya.

Oswald ndiye aliyekuwa Mkaguzi Mkuu. Mkaguzi mwingine hakuwepo, jambo lililorahisisha sana kupanda kwake cheo. Kanuni ilitaka kila fremu ipimwe kwa uzito wa mwananchi wa kawaida, na kwa kuwa mwananchi huyo hakuwa ametengewa fungu, Oswald aliteuliwa kwa barua kuwa yeye. Alikuwa na kilo mia moja na nne kwa mizani ya muuza dagaa. Aliipokea kazi hiyo kwa unyenyekevu, akamwonya mkewe asithubutu kumpunguzia ugali, kwani akikonda yeye viwango vitavurugika.

Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi. Baiskeli iliwekwa juu ya matofali mawili, Oswald akakaa katikati na kuhesabu hadi kumi. Fremu ikishuka zaidi ya unene wa bahasha ya kaki, ilifungwa kitambaa chekundu na kuingizwa uani. Ilikamatwa ya mbao za mtumbwi uliokufa. Ilikamatwa yenye viti viwili vinavyopeana mgongo, ambayo bwana mmoja wa Gungu aliiunda makusudi ili ampeleke mama mkwe kanisani bila mazungumzo. Wiki nzima haikufaulu hata moja, na Mkuu wa Kitengo, Bwana Bariki, akasema hayo ndiyo mafanikio.

Siku ya nane ikaja zamu ya Marsiana, mama wa makamo aliyekuwa akipeleka mawese Gungu kila siku ya Mungu. Baiskeli yake aliiunda kwa mikono yake: mbele bomba la maji, nyuma mti wa mkaratusi, na kila kiungo kimefungwa kwa vipande vya tyubu, hakuna hata tone la kuchomelea. Ilibeba madumu matatu. Kwenye kila shimo ilishuka taratibu, ikapanda taratibu, na mawese hayakujua kama kulikuwa na shimo.

"Shikamoo mama," alisema Oswald, akiwa tayari ameikalia.

"Marahaba. Inuka kwanza basi, umekalia ada za wanangu."

"Imeshuka vidole vinne, mama."

"Ego, ndiyo, imeshuka. Na wewe ukiinuka itapanda. Ulitaka ivunjike ndiyo ufurahi?"

"Kanuni haizungumzii kupanda."

"Baba, ile njia siyo sakafu ya benki. Nilichomelea fremu mara tatu, mara tatu ikakatika, mawese yote yakanywewa na vumbi. Hii ina mwaka wa nne."

Oswald alifunga kitambaa chekundu. Kusema kweli alimwonea huruma, tena sana, lakini huruma haikuwa na fomu. Akamweleza kwa upole kwamba baiskeli zote zilizoshindwa zingekatwakatwa Ijumaa kwa msumeno wa serikali. Marsiana hakulia. Alijitwika dumu moja kichwani, mengine mawili akayaacha kwa jirani, akashika njia kwa mguu. Siku hiyo alifika soko limeshapoa, na kesho yake vilevile.

Alhamisi ilikuwa uzinduzi wa Baiskeli ya Mfano. Kitengo kiliitengeneza chenyewe kwa nondo nene, ikachomelewa hadi kwenye kiti. Oswald aliikalia, akahesabu hadi kumi, kisha hadi mia kwa raha zake. Haikushuka hata kidogo. Mpango ulikuwa Bwana Bariki aipande mwenyewe kutoka Mwandiga kwa ile njia ya vumbi ya wananchi, awafikie Gungu wageni kutoka Dodoma waliokuwa wakimsubiri chini ya turubai. Oswald angemfuata kwa miguu na mkoba wa fomu.

Shimo la kwanza Bwana Bariki alilipita kwa heshima. La pili lilimnyamazisha katikati ya neno "maendeleo". La tatu, baiskeli ilibaki imenyooka vilevile, na yeye akarushwa, akatua, akabaki amekunjika pembeni mwa njia, hawezi kukaa wala kusimama.

Oswald aliikagua baiskeli kwanza.

"Iko salama kabisa, mkuu," akampa moyo.

Ikasimamishwa bajaji. Ilikwenda hatua tano tu, Bwana Bariki akapiga ukelele uliowatoa watu mashambani, akaamuru ashushwe. Wakati huo Marsiana alikuwa akipita na dumu lake kichwani. Akalitua, akamtazama.

"Mgongo huo hautaki kurushwa," alisema. "Alazwe kifudifudi kwenye kitu kinachonesa."

"Kiko wapi?" aligugumia Bwana Bariki.

"Uani kwenu. Kesho mnakikata."

Oswald alikuwa ameshatoa fomu ya kuomba chombo kilichozuiliwa. Bwana Bariki akaijaza akiwa amelala kwa tumbo, dumu la mawese likiwa meza. Mahali pa sababu aliandika: inapinda.

"Samahani, mkuu," alisema Oswald. "Hiyo ndiyo sababu iliyoizuia. Haiwezi tena kuwa sababu ya kuitoa, labda kanuni ifutwe."

"Ifute!"

"Mimi ni mkaguzi tu, mkuu. Sahihi ni yako."

"Na aandike baiskeli zote," alisema Marsiana. "Za wenzangu nazo zina watoto nyuma yake."

Kanuni ya Fremu Isiyopinda ikafutwa mahali hapo, nakala tatu, zote zikinukia mawese. Oswald alikimbia mpaka uani, akafungua lango, akarudi akiisukuma baiskeli. Wakamlaza Bwana Bariki kifudifudi pale panapokaa madumu, wakamfunga kwa mipira ya tyubu. Marsiana akashika usukani na kuanza kuteremka. Kwenye mashimo fremu ilishuka na kupanda, na Bwana Bariki, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alivuta pumzi hadi mwisho.

Walipofika Gungu ngoma zilipigwa. Mgeni rasmi alizunguka baiskeli mara mbili, akaibonyeza fremu kwa kiganja, ikashuka na kurudi.

"Ajabu," alisema. "Hata mgonjwa inabeba. Bwana Bariki, hii ndiyo ya mfano?"

Oswald alitazama chini, Marsiana akaunyanyua usukani kidogo, keria ikainama.

"Ndiyo," ilisikika sauti kutoka kwenye keria.

"Na fundi ni nani?"

"Marsiana."

"Hatusikii huku nyuma!" alipaza mtu.

"Marsiana! Marsiana wa Mwandiga!"

Watu wakapiga vigelegele. Mgeni rasmi alifurahi kupita kiasi, akamwita dereva wake. "Tunaichukua leo hii, iende Dodoma kwenye maonyesho."

Marsiana alianza kufungua mipira, mmoja baada ya mwingine.

"Mchukueni huyu," alisema. "Baiskeli ina kazi."