Kuhusu Kabati Moja Lililochorwa Mara Tatu

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo cha Ufundi,

Pokea salamu zangu nyingi. Naomba kujua hali yako na ya nyumbani kwako, na kama kile kifua kilichokusumbua siku ya mahafali kimepoa. Tumekuombea. Sisi hapa ni wazima, ila mimi mwili mzima, moyo hauna raha.

Mimi ni fundi seremala, baba wa yule binti mrefu wa mwaka wa pili anayetembea na rula kwapani. Mwalimu wao wa uchoraji aliwapa jaribio: kila mmoja achore kabati, ampelekee fundi, wala asimwambie neno. Karatasi iseme yenyewe. Binti yangu alinichagua mimi, akijua nimeshika randa miaka thelathini. Mwalimu alipokuja kukagua alicheka mpaka akakalia misumari, kisha akampa sifuri. Sasa tunasikia atarudia mwaka. Mtoto halii, rula yake ameisukumia uvunguni, na afadhali angelia.

Malalamiko yangu si juu ya mwanangu. Ni juu ya karatasi.

1. Ilikuwa na picha tatu: moja ndefu yenye milango miwili, moja nyembamba isiyo na mlango, na moja bapa kama meza iliyokosa miguu. Mtu akikuletea picha tatu, anataka vitu vitatu. Nikamshukuru Mungu kwa baraka ya kazi, nikatengeneza vitu vitatu. Mwalimu anasema eti ni kabati lilelile, limetazamwa mbele, ubavuni na juu. Mkuu, kitambulisho changu kina picha moja, na hakuna askari aliyewahi kunidai ya utosi.

2. Huko kutazama kutoka juu. Sijapata kuona mteja aliyeingia karakana yangu kwa kupitia darini. Anayetuona kutoka juu ni Mwenyezi Mungu peke yake, na nahofia mnawazoesha vijana wetu kiti kisicho chao.

3. Imeandikwa 1800, basi. 1800 ya nini? Nilimuuliza binti, akabana midomo kama masharti yalivyotaka. Ningefuata sentimita, kabati lingetokezea sebuleni kwa jirani. Baadaye naambiwa ni milimita, na kwamba kila mtu anajua. Mimi je, si mtu? Tena upana umeandikwa kwenye picha ya mbele tu, eti kipimo hakirudiwi. Mimi sala nairudia kila siku na Mungu hajanilalamikia. Ile bapa nikaikisia upana kwa shibiri ya kiganja changu.

4. Mlangoni kulikuwa na mistari ya vipande vipande. Nikaikata kwa msumeno, kipande baada ya kipande, kwa uangalifu mkubwa, na sasa mlango unapitisha upepo. Kumbe ilikuwa rafu iliyojificha ndani! Kama haionekani, inachorwa ya nini? Leo rafu, kesho mtachora nguo zilizomo makabatini mwa watu, keshokutwa yaliyomo mioyoni mwao.

5. Penye vishikio palikuwa na sifuri iliyopigwa mstari. Kitu kilichopigwa mstari kimefutwa. Nikafuta vishikio, kumbe eti ni alama ya kipenyo cha matundu yake. Mwalimu alifungua kabati kwa kisu.

Kwa hiyo naomba kwa heshima darasa la uchoraji lifungwe, zile meza zake nzuri wagawiwe mafundi, na wanafunzi wafundishwe kunyoosha mikono kama wateja wetu: liwe refu hivi, pana hivi. Kwa mikono hiyo nimetengeneza nusu ya vitanda vya mtaa huu, na vilivyovunjika si vingi. Na ile sifuri ya binti ifutwe.

Wasalimie walimu wote, na mlinzi wa getini aliyenipa kiti. Mwalimu wa uchoraji naye nimemsamehe. Ailete suruali iliyotobolewa na msumari, mke wangu ni mshonaji, atamtilia kiraka.

Ni mimi nikuombeaye heri,
Fundi seremala, baba wa binti

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mke wangu aliiona ile karatasi. Akaniambia, "Baba watoto, mimi nikikata gauni nachora mbele, mgongo na mkono. Umewahi kuona mteja wangu akaondoka na magauni matatu?" Nikarudi karakana na karatasi yangu, na kwa siku mbili kabati likasimama. Milango inafunga bila kusukumwa kwa goti, na kila kipimo nilichokitafuta nilikikuta mahali pake. Karatasi ilikuwa inasema, Mkuu. Kiziwi nilikuwa mimi. Ile sifuri ni yangu, iandikwe kwa jina langu, na kama kuna wa kurudia mwaka, nitakuja kurudia mimi, kwa hiyo darasa msilifunge. Tafadhali nijibu upesi, maana muhula unaanza Jumatatu na mwanangu bado hajapanga begi lake.