Ombi la Kusimamisha Neno N-D-U-G-U Katika Nyumba Yangu ya Kinondoni

Kinondoni,
Dar es Salaam.
5 Machi, 1968.

Kwa Mzee Kasimiri,
Mjumbe wa Nyumba Kumi,
Nyumba ya tatu kutoka bomba la maji.

Shikamoo Mzee.

Naanza kwa kuomba radhi kwamba hapo juu sikukuita kwa lile neno ambalo siku hizi kila barua yenye adabu huanza nalo. Si utovu wa heshima. Neno hilo ndilo mshtakiwa, na haifai mshtakiwa atangulie kuketi mbele ya mlalamikaji. Neno lenyewe ni N-D-U-G-U. Nimezitenganisha herufi zake kwa makusudi. Zikishikamana tu, mtu anatokea kuniomba chumvi. Kuanzia hapa nitaliandika Ndg., kama wafanyavyo makarani, ili angalau nusu ya nguvu zake zipungue.

Shauri langu ni la haraka. Jumamosi hii mpangaji wangu Yustina, fundi cherehani wa chumba cha mbele, anahama. Katika nyumba yangu nzima ndiye peke yake anayelipa kodi. Akiondoka huyo, Mzee, mie sitakuwa tena mwenye nyumba. Nitakuwa ukoo.

Wewe unanifahamu tangu nilipofika hapa kutoka Bukoba na msumeno mmoja, randa moja na kiatu kimoja kizima. Nyumba hii nimeijenga kwa vitanda. Kila bati unaloliona juu ni kitanda cha mtu anayelala Magomeni au Ilala bila kujua kwamba ameniezekea. Ina vyumba sita: kimoja changu, vitano vya kupangisha. Nilipomaliza ulikuja mwenyewe kuikagua, ukanishika bega ukasema, "Kijana, uangalie. Siku hizi mwenye vyumba vya kupangisha anaitwa kupe. Tafuta maneno laini." Nami kwa utii nikatafuta neno laini kuliko yote. Nikachukua ubao wa mninga, nikaupiga randa, nikaandika kwa rangi nyeupe: NYUMBA YA NDG. VYUMBA VIPO. Pale ubaoni nililiandika lote bila kulikata, na ndipo nilipojichongea.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kwamba neno hilo liliharibu usaili. Mie nilijiandalia maswali ya kuchuja wapangaji, kwa sababu chumba si sawa na kitanda. Kitanda ukimuuzia mtu mbaya anaondoka nacho. Nilikusudia kuuliza: unafanya kazi gani, una watoto wangapi, unapikia mkaa au kuni, na ukilewa unaimba au unalala. Wa kwanza kufika alikuwa Alfonsi, mchonga vinyago. Aliusoma ubao, akanikumbatia mlangoni mwangu mwenyewe, akasema, "Ndg. yangu! Nilijua tu mji huu hauwezi kuninyima pa kufikia." Sasa mtu aliyekwisha kukukumbatia utamuulizaje habari ya pombe? (Anaimba.) Wa pili ni Nikodemu, karani, ambaye alichukua vyumba viwili. Nilipofika kwenye swali la watoto alicheka kwa huruma: "Ndg., watoto wa Ndg. yako unawahesabu? Kwetu ni mwiko." Idadi yao niliijua walipolala. Wa tatu, Bibi Auleria, alisikia jina langu la Gozbert tu akabubujikwa na machozi, akanitajia mto wa kwetu, akatangaza kwamba yeye ni mama yangu mdogo. Mto wenyewe, Mzee, unapita wilaya nzima.

Huyo Yustina ubao hakuusoma. Alikipindua kitanda nilichokiweka chumbani miguu juu, akakipima kwa utepe wake wa kushonea, akaniambia mguu mmoja ni mfupi kwa upana wa kidole. Ilikuwa kweli. Kisha akanisaili mimi: bati la ukumbini limepigwa misumari mingapi, choo kina futi ngapi, na je, nina mke, asije akagombezwa bombani bila kosa? Nilimjibu kwamba sina. Akasema, "Basi tengeneza mguu, Bwana Gozbert. Jumatatu nahamia." Hili naliweka hapa kama ushahidi tu wa mpangaji mwenye umakini.

2. Kwamba vyombo vyangu vimekosa mwenyewe. Kila chumba nilikiwekea kitanda, godoro la sufi, kiti, meza ndogo na taa ya chemli. Leo viti vyote vitano viko kwa Nikodemu, kwa sababu ndiko vikao vinakofanyika. Taa tatu ziko kwa Bibi Auleria, anayesema hajapata kuona mtoto anayemwacha mamaye kizani. Alfonsi naye ameichonga miguu ya kitanda chake: miwili ya mbele ni vichwa vya wazee wanaocheka, miwili ya nyuma wanalia. Nilipofoka alinitazama kwa mshangao wa dhati. "Ndg. Gozbert, ningekuwa mpangaji ningeogopa kukigusa. Lakini kitanda cha Ndg. yako si chako?" Na lililoniuma zaidi ni kwamba wateja wanne wamekwisha kuja kuagiza kitanda kama kile, kwa hiyo hata kukasirika vizuri sikuweza.

3. Kwamba kodi imeshindwa kwa kura. Nikodemu aliitisha kikao cha nyumba, viti vikiwa tayari viko kwake. Waliotaka kodi ilipwe tulikuwa wawili, mie na Yustina. Waliopinga walikuwa kumi na mmoja, na saba kati yao hawajaota meno ya mbele. Nilidai watoto wasihesabiwe. Nikodemu akauliza kikao, "Kwani mtoto si Ndg.?" Ikapigwa kura juu ya hilo pia, watoto wakaipiga kwa mikono miwili miwili, nikaanguka tena vibaya kuliko mara ya kwanza.

4. Kwamba nimehamishwa. Mama mkwe wake Nikodemu aliwasili kutoka Morogoro na jogoo. Nikodemu alikuja kwangu kwa upole mkubwa akasema, "Ndg., mkwe halali chumba cha mkwewe. Wewe ni mtu wa mila, unajua." Mzee, najua. Nikampa changu. Sasa mie ninalala stoo, juu ya mbao za mvule, na jogoo ananiamsha kama nimechelewa kazini kwake. Ukipiga hesabu utaona kwamba katika nyumba ile kila mtu ana kitanda isipokuwa fundi wa vitanda.

5. Hayo yote ningeyavumilia. Nafika sasa kwenye shauri lenyewe, na naomba ulisome umekaa.

Yustina hulipa tarehe mosi, asubuhi, kabla sijamaliza chai. Huleta fedha zimefungwa kwenye kipande cha kitenge, na kipande hicho hubadilika kila mwezi, ninavyo vyote. Husimama mlangoni mwa stoo, akaniuliza kama nimelala salama juu ya mbao zile, akanikagua shati. Likikosa kifungo hulichukua. Na katika muda wote aliokaa kwangu hajaniita Ndg. hata mara moja, ingawa wenzake walimsema sana. Alfonsi alimwambia uani, "Dada, wewe ujamaa hujauelewa." Akamjibu bila kuinua macho kwenye sindano, "Ujamaa nauelewa. Ila si kila mtu nataka awe Ndg. yangu."

Nililiwaza jambo hilo, nikaona haki haitendeki. Wasiolipa wote ni Ndg.; anayelipa peke yake ndiye mgeni. Mimi ni mtu wa hesabu, nikaona mizani imelala upande. Basi Jumapili iliyopita, watu wote wakiwa uani, nikasimama, nikamrudishia kodi yake ya mwezi huu mkononi, nikasema kwa sauti: "Yustina, kuanzia leo na wewe ni Ndg. yangu. Dada yangu kabisa, kama tumenyonya ziwa moja." Bibi Auleria alipiga vigelegele. Watoto waliruka. Nilijisikia kama mtu aliyegawa ng'ombe mzima.

Yustina alichoma sindano yake kwenye kitambaa. Halafu akasema, "Haya. Nimesikia, kaka."

Akaingia ndani akaanza kukunja vitambaa vyake. Tangu siku hiyo ananiita kaka, na anavyolitamka hilo kaka, Mzee, ni kama mtu anayepigilia msumari kwenye jeneza. Kwamba anahama nimeambiwa na watoto. Anakwenda Temeke, kwenye nyumba ambayo mwenyewe, kwa maneno yake, "si kaka wa mtu." Nimemfanyia wema upi mbaya? Kodi nimemsamehe, cheo nimempa. Mie sasa chakula hakishuki. Nanunua samaki mzima nakula mkia, hasara ambayo sijapata kuifanya hata nilipokuwa na njaa.

Hitimisho langu ni moja. Neno hili humkaribisha asiyelipa na kumfukuza anayelipa. Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu:

(a) Neno Ndg. lisimamishwe kutumika katika eneo langu, tangu ua wa michongoma mpaka mlango wa choo, kuanzia tarehe mosi hadi tano ya kila mwezi. Baada ya hapo watu waendelee kupendana kama kawaida.

(b) Yeyote atakayelitumia katika siku hizo alete wazee wawili wa kuthibitisha ukoo hadi babu wa tatu. Mto usipokelewe kama ushahidi.

(c) Hayo yakishindikana, basi nami niandikishwe rasmi kuwa mpangaji katika nyumba yangu, maana nimeona wapangaji ndio wanaokaa vizuri. Nitachagua chumba chenye taa tatu.

(d) Hilo nalo likishindikana, Nikodemu aandikishwe kuwa mwenye nyumba, mie nije kwake na sanduku langu nimkumbatie mlangoni.

(e) Hata ukiyatupa maombi yote hayo, Mzee, Yustina azuiwe kuhama kwa barua yako yenye mhuri. Sababu ya kuzuiwa iandikwe yoyote. Mimi mwenyewe nimeitafuta nikaona siijui vizuri.

Nisalimie Mama Tekla, mkeo, na umwambie kabati lake linangoja bawaba tu. Wasalimie watoto, wakwe, majirani wa pande zote mbili, na hata yule aliyeazima patasi yangu asiseme. Huku wote ni wazima na wanakula.

Ni mimi mlalamikaji, nisiye Ndg. wa mtu,
Gozbert, fundi vitanda.

Nyongeza, nyuma ya karatasi:

Ndugu Mjumbe,

Barua hii nilikuletea kwa mkono nikaambiwa umekwenda mkutanoni. Mama Tekla alikuwa barazani anapepeta mchele, akasema nimsomee maana miwani yake imekaliwa. Nilisoma vizuri mpaka pale pa "nimesikia, kaka". Akaangua kicheko mpaka ungo ukamponyoka, kuku wako wakafaidi. Nikamuuliza kosa liko wapi. Akasema, "We Gozbert we! Mguu wa kitanda unaupima mpaka upana wa kidole, na mwanamke anayekuuliza kama una mke hujui anapima nini? Umemfanya dada yako mbele ya kadamnasi. Ndugu anaoa ndugu?"

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Sikumbuki kama niliaga.

Nyumbani nilimkuta Yustina anafunga cherehani kwa kamba. Nikamwambia pole pole kwamba nimefanya kosa, na kwamba kwa kweli yeye si ndugu yangu hata chembe. Hakugeuka. Akasema, "Ulinitia udada mbele ya watu. Nitoe mbele ya watu."

Nikaomba kiti kwa Nikodemu, akaniazima kimoja. Nikapanda juu yake katikati ya ua, nikatangaza: "Sikilizeni nyote. Yustina si dada yangu. Hatukunyonya ziwa moja, hatuna babu mmoja, kwetu na kwao hata mvua hazinyeshi mwezi mmoja." Vigelegele vya Bibi Auleria safari hii vilimwogopesha jogoo. Yustina aliingia ndani. Alipotoka alinipa ile kodi niliyomrudishia, imefungwa kwenye kitenge kipya. Nimeipokea, Mzee. Sijaihesabu.

Sasa naomba uichane barua yangu, hasa (a) na (b). Mjomba wake Yustina yuko Temeke, na posa haipelekwi na mtu mmoja kama kifurushi. Kwetu ni safari ya treni na meli. Mie hapa mjini ukoo wangu ungekuwa msumeno na randa. Nilipowaeleza wale wengine, hawakuuliza swali hata moja. Bibi Auleria ameshaitoa kanga yake nzuri, yeye ndiye mama. Nikodemu ni baba mdogo na anaandaa hotuba. Namwomba Mungu iwe fupi. Alfonsi anachonga mguu wa nne wa kitanda kingine, cha maharusi, na huu, anasema, hautalia. Aliniambia, "Umeiona kazi ya ndugu? Ile kodi ingekwenda Temeke kukuposea?" Nikamshikia huo mguu achonge.

Wewe tunakuomba uwe mshenga. Tutakupitia Jumamosi asubuhi, siku ile ile aliyotaka kuhama.

Ubao nimeuacha pale pale. Nimelimalizia lile neno, nikaongeza HA kabla ya VIPO na mstari mmoja chini kwa ile rangi iliyobaki, na leo unasomeka: NYUMBA YA NDUGU. VYUMBA HAVIPO. ISIPOKUWA WA CHUMBA CHA MBELE, HUYO SI NDUGU.

Wako, ndugu yako,
Gozbert.