Uzinduzi wa Kituo cha Watoto Wenye Usonji, Nyuma ya Ofisi Yetu

“Hicho kituo hakipo, na mwalimu wetu wamemchukua.”

Hayo, mheshimiwa mwenyekiti wa kamati, mheshimiwa makamu mwenyekiti wa kamati hiyohiyo, waheshimiwa wakuu wa idara na wasaidizi wa wakuu wa idara, wageni waalikwa, wageni mliojialika, ndugu wanahabari, na ninyi wazazi mliokaa juani kwa sababu za kiutaratibu, ndiyo maneno aliyoyasema redioni juzi fundi cherehani mmoja, mama wa mtoto mwenye usonji, na kwa bahati nzuri yupo hapa, kavaa kilemba cha njano. Simama, dada, tukuone. (Anasimama. Makofi marefu kuliko yaliyopangwa.) Inatosha, kaa.

Sasa namjibu kisayansi. Kama kituo hakipo, utepe huu ninaoukata leo umefungwa kwenye nini? (Sauti kutoka nyuma: Kwenye gari lako, mheshimiwa. Kicheko.) Upande mmoja, ndiyo, gari, lakini upande wa pili umefungwa kwenye tangi la maji, na tangi hilo ni la serikali, kwa hiyo haiwezekani katikati ya mali mbili za umma kukawa hakuna kitu.

Ndugu wananchi, Programu Jumuishi ya Uwezeshaji Mtambuka wa Familia za Watoto Wadogo Wenye Usonji, Awamu ya Kwanza, imeendesha semina za uelewa, warsha za kuzielewa semina, na ziara ya mafunzo katika hoteli yenye utulivu mkubwa, utulivu ambao watoto hawa wanauhitaji mno, nami niliutafiti mwenyewe kwa wiki nzima nikiwa nimelala. Tumezifikia familia asilimia mia na nne. Hizo nne za ziada tulizifikia mara mbili. Tumeondoa urasimu pia: mzazi haleti tena barua ya daktari kila mwezi kuthibitisha kwamba mtoto bado ana usonji, sasa anamleta mtoto mwenyewe, mtoto anakaa kwenye foleni kwa utulivu hadi aitwe, na akishindwa kutulia wanarudishwa nyumbani. (Baba mmoja, dereva wa lori: Angekuwa anatulia kwenye foleni, tungekuja kwenu kutafuta nini? Kicheko.) Swali zuri, kaka. Liandikwe.

Nije kwa mwalimu. Fundi anadai walikuwa wakikutana katika chumba chake cha nyuma, kwenye zulia, kati ya marobota ya vitambaa, na mwalimu wa elimu maalumu akiwafundisha watoto kuomba kitu kwa picha, na wazazi wao namna ya kumtuliza mtoto bila kumfinya. Na kwamba tangu tumpandishe cheo mwalimu huyo kuwa Mratibu, watoto wamebaki kuutazama mlango. Ni kweli tumempandisha. Ana meza. Ana kiti kinachozunguka. Kituo lazima kiwe na mratibu, nasi tumetangulia na mratibu ili kituo kikija kimkute. Huyu hapa, kulia kwangu. (Mratibu anatazama viatu vyake.)

Bendi, pigeni kidogo. (Tarumbeta. Watoto wanaziba masikio. Mtoto wa fundi, wa miaka mitano, anatoka mkekani, anapita chini ya utepe, anamnyooshea mheshimiwa kadi yenye picha ya kikombe.) Ahaa! Wapigapicha, sogeeni. Mtoto huyu, ambaye nimeelezwa kwamba hasemi, ameniletea mchoro, na kwa tafsiri yangu ni pongezi. Tutauwekea fremu. Asante, mwanangu. (Mtoto haondoki. Anagonga kadi kwa kidole, anatazama chupa ya mheshimiwa.) Nimeshapokea, nenda kwa mama. (Mratibu, kwa sauti ya chini: Anaomba maji, mheshimiwa.) Ataomba kwa utaratibu, koo langu lenyewe limekauka. (Anakunywa. Mratibu anainuka, anapiga magoti mbele ya mtoto, anamfungulia chupa yake mwenyewe. “Umeomba vizuri sana, baba.” Mtoto anakunywa yote, anamrudishia kifuniko. Wanakwenda mkekani wameshikana mikono. Makofi ambayo hayakupangwa kabisa. Fundi anajisogeza kumpa nafasi, anamwambia zulia bado liko palepale.)

Naomba nidhamu. Kaulimbiu yetu! Familia! (Wazazi wanawapepea watoto.) Familia! (Fundi: Zipo.) Kituo! (Wazazi wote: Kiko wapi?) Jibu sahihi lilikuwa “Kimefika”, lakini tuendelee.

Kwa kuhitimisha, namshukuru dereva wangu, aliyeegesha gari mapema mahali ambapo ukuta wa mashariki unatarajiwa. Namshukuru mchoraji wa bango, aliyetuchorea madirisha sita kwa ubunifu wa hali ya juu, maana hakuwa na jengo la kutazama. Na namshukuru mwenye duka la mapambo, aliyeniomba utepe nisiukate kwa kuwa Jumamosi una harusi, kwa hiyo tutafungua fundo tu. (Kicheko kikubwa. Wazazi wanakunja mikeka. Mratibu amembeba mtoto mgongoni, wote wanaelekea getini.)

Wazazi, sijaruhusu mtu kuondoka. Wewe fundi, kesho nakutaka redioni ukanushe. Na wewe, Mratibu, nakuagiza mbele ya wanahabari, rudi mezani. Mratibu! Mwalimu, nisikilize, rudi hapa. Ukitoka na hao, kituo chote kimeondoka na wewe.