Jinsi Sebagabo Alivyoyaokoa Majani ya Juu

Wekeni vibuyu chini, enyi wakamuaji wa Karuba, nanyi mnaopalilia maharage inueni migongo mnisikilize, kwa maana ninayo habari ya vita vilivyopiganwa mwezi wa tano, mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na nne, kati ya Sebagabo, mwana wa vilima, bwana wa ng'ombe sita, na Bihogo, mwenye pembe ndefu na tumbo lisilojua kutosheka. Waliojeruhiwa ni majani tu, lakini msicheke mapema.

Mwaka uliotangulia, ng'ombe walikuwa wameula mlima wote bila mpango. Kiangazi kilipofika maziwa yakakatika, na Kayitesi, mke wa shujaa, akambeba mwanawe Evode kwenda kuomba maziwa kwa majirani. Sebagabo aliona haya mpaka akaapa mbele ya mkewe: malisho ya chini yaliwe, ya juu yafungwe kwa ua wa miti, na majani ya kienyeji yapumzike humo mpaka yapite goti, yangojee mwezi wa saba.

Ikawa asubuhi moja Bihogo akausukuma ua kwa kifua, akaingia juu kama mgeni aliyealikwa. Wale watano wengine wakasimama penye pengo, wakingoja kuona kama jambo hilo linaruhusiwa. Wakiingia wote, kwaheri maziwa ya Evode.

Sebagabo akainua fimbo. Akaishusha. Kwa maana Bihogo ndiye ng'ombe aliyetolewa na baba mkwe, mzee Rutayisire, alipokwisha kupokea mahari, na ng'ombe wa namna hiyo hapigwi. Tena Rutayisire mwenyewe alikuwa ameketi kwenye mlima wa pili, kiko mdomoni, akitazama.

Ndipo shujaa akaikumbuka silaha ya baba zake isiyoacha kovu, yaani sifa. Akajitosa katikati ya majani, akasimama mbele ya adui ili amzuie, akainua mikono miwili mfano wa pembe, akanena kwa sauti ya kufika Mushaki:

"Ee Bihogo, weye mwenye kutembea sawa bibi-arusi, weye pembe zako zinagusa mawingu, nani iko kama weye mu Masisi yote? Simama, mama wa ndama, usinipatishe haya mbele ya Papa Rutayisire."

Bihogo alisikia vizuri sana. Tangu uzazi wake wa kwanza sauti hiyo ndiyo iliyomwita kukamuliwa, na ng'ombe aliyezoea kusifiwa humfuata anayemsifu. Akasogea. Sebagabo akarudi nyuma, akasifu zaidi. Bihogo akazidi kuingia, aking'oa majani njiani. Kadiri shujaa alivyoimba vizuri ndivyo vita vilivyomwendea vibaya, na wale watano wakaanza kuvutiwa na mashairi.

Kayitesi aliacha jembe, akatazama kidogo, kisha akanena bila haraka:

"Papa Evode, ni weye njo unamuita. Toka mu majani, umuimbie kule chini."

Maskini Sebagabo. Kumtii mke, mbele ya baba mkwe, katikati ya ubeti! Jasho likamtoka. Lakini alimfikiria mtoto, akaimeza fahari yake nzimanzima, akamzunguka Bihogo, akaanza kushuka kinyumenyume, mikono bado juu, bila kukata hata neno moja la sifa. Akapita kwenye pengo, akapita kati ya wale watano, akateremka mpaka chini. Na Bihogo nyuma yake, na wote nyuma ya Bihogo. Kayitesi akaziba ua. Kisha akakagua uwanja wa vita: vishungi saba vya majani, basi.

Rutayisire akatoa kiko mdomoni, akaita kutoka ng'ambo:

"Mukwe wangu, umeimba muzuri. Kidogo na miye niingie mu majani."

Mwezi wa saba vilima vya jirani vilikauka. Kwa Sebagabo ua ulifunguliwa, majani yakiwa yamepita goti, na Evode akanywa mpaka akalala na povu mdomoni. Basi wajue watakaozaliwa kwamba palikuwa na mtu Karuba aliyeshinda vita kwa kurudi nyuma, na kwamba tangu siku ile Kayitesi hakubeba tena kibuyu kitupu kwenda kwa jirani.