Mifupa ya Dinosaria Nyuma ya Jiko la Uji

Jumatatu, 8 Juni 1987

Kijiji cha Kabati. Wazo kubwa limenijia! Ijumaa mkaguzi wa shule za nasari anakuja kutoka Kitui, na kamati ya kanisa imesema atakayemfurahisha ndiye atakuwa mwalimu mkuu. Tuko wawili tu, mimi Muthama na Mwalimu Ndinda. Ndinda amewafundisha watoto kutengeneza wanasesere wa mabunzi ya mahindi. Mabunzi! Nani hana mabunzi? Mimi nina kitabu cha dinosaria, kimetoka kwenye sanduku la misaada. Ndani kuna picha ya watoto wa Kizungu wakichimba mifupa mchangani, wakicheka. Wangu nao watachimba.

Jumanne, 9 Juni

Nzioka wa buchari amenipa gunia la mifupa ya mbuzi. Aliuliza kama nimefuga mbwa. Nikamjibu nimefuga sayansi. Nimeipaka udongo mwekundu ionekane ya kale, nikaifunga kwa vitambaa vyekundu ionekane ya maana. Watoto walipokwenda nyumbani na Mwaitu Kaluki, mama anayewapikia uji, akaenda kuteka maji, nikaizika nyuma ya jiko lake la uji. Udongo wa pale ni laini. Sijamwambia mtu, Ndinda asije akaniibia.

Jumatano, 10 Juni

Balaa! Kabla ya somo, Mbula mdogo alikwenda kufinyanga vyungu vya matope, akafukua furushi. Akakimbia nalo kwa mama yake. Mama yake alipiga nduru iliyofika sokoni.

Wanawake wakajaa uani. Hakuna aliyewaza dinosaria. Walisema mifupa, kitambaa chekundu, vimezikwa, tena nyuma ya jiko la mjane anayeishi peke yake. Wakasema sasa wanajua kwa nini watoto wamekohoa mwezi mzima. Uji ukamwagwa chini. Mwaitu Kaluki alisimama na upawa wake mkononi.

Nilitaka kusema. Halafu nikafikiri, nikisema ni mimi, mchawi si nitakuwa mimi? Nikaingia darasani nikapaka rangi mkia wa dinosaria. Rangi ilinishinda.

Alhamisi, 11 Juni

Darasa tupu. Nikaamua kufukua mifupa iliyobaki, niitupe mbali, maneno yaishe. Nilikuwa nimeinama na jembe, kitambaa chekundu mkononi, akina mama wakanikuta. Nikajua nimekwisha.

Kumbe! Walisema Mwalimu ana imani, anang'oa uchawi kwa mikono mitupu. Pasta alinishika mkono akaniombea kwa sauti. Niliitikia amina. Ningefanya nini?

Jioni kamati ikamwambia Mwaitu Kaluki ahame kwenye chumba cha kanisa anamoishi kufikia Jumamosi. Nilimwona akifunga sufuria zake kwa kamba ya katani. Moyo uliniuma sana. Nimejiwekea ahadi kwamba nikipata ukuu, jambo la kwanza nitamwombea msamaha. Kwa hiyo ni lazima nipate ukuu.

Ijumaa, 12 Juni

Ndinda alizunguka boma kwa boma tangu alfajiri, akarudi na watoto na mama zao. Akatandika mkeka, akamwaga juu yake mifupa yote iliyofukuliwa. Kisha akamwita Nzioka, maana aliona mifupa imekatwa kwa panga la buchari. Nzioka aligeuza mguu mmoja tu. Akasema mbele ya mkaguzi, pasta na kila mtu kwamba hao ni mbuzi wake, alama za panga ni zake, mifupa alimpa Mwalimu Muthama, na gunia lake bado halijarudi.

Nilitamani ardhi inimeze.

Ndinda hakunitukana. Aliwaambia watoto waoshe mifupa, waipange. Mguu hapa, mbavu hapa, shingo pale. Mbuzi akatokea mkekani, watoto wakapiga makofi, Mbula akamtafutia majani ya kula. Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Hiyo ilikuwa sayansi yangu!

Ndinda akaniambia nimwombe Mwaitu radhi. Nikaomba, nikaeleza pia habari za dinosaria, walivyokuwa wakubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema amewapikia watoto wa Kabati uji tangu mama zao wenyewe wakiwa nasari, na katika wote hao hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama mifupa ni yake. Mama Mbula alilia. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Baadaye Mwaitu akawasha moto, akapika. Akanipakulia na mimi, wa mwisho, ukoko. Niliula wote.

Jumapili, 14 Juni

Ndinda ndiye mwalimu mkuu. Imetangazwa kanisani. Mwaitu Kaluki anabaki kwenye chumba chake, na pasta alimwombea kwa sauti ileile aliyoniombea mimi. Kamati imeniacha kazini kwa onyo moja, nisizike mfupa tena.

Nimetafakari kwa unyenyekevu. Wana haki. Kosa lilikuwa mifupa. Mifupa inatisha.

Mayai, je? Nani ataogopa yai? Mchana nimefinyanga mayai makubwa ya dinosaria kwa udongo wa kichuguu, nikayafunga kwa vitambaa vilivyobaki. Ni vyekundu, lakini sina vingine. Kwa jiko sitasogea tena, nimemheshimu mama wa watu. Nimeyazika kwa pasta, chini ya dirisha la chumba cha kulala, wakati wako ibada ya jioni. Sijamwambia mtu. Ndinda asije akaniibia.